Darizi za vituko, unazipata wapi?

Mashoga, kama mushachoka na maua ya foronya ingieni mtandaoni, Etsy au Pinterest, andika kwa Kiingereza kitu unachokitaka, pweza, fuvu, paka kavaa miwani, halafu ongeza embroidery, utacheka peke yako. Seti kamili, yenye kitambaa, nyuzi na mchoro, nzuri lakini kuileta Unguja ghali, mie naona bora ununue mchoro wa PDF tu, na DMC, kampuni ya nyuzi za kudarizi, wana ya bure kwenye tovuti yao. Printi, bandika kwenye kioo cha dirisha jua likiwaka, weka melikani juu yake ufuatishe kwa penseli. Uzi wa DMC umesokotwa nyuzi 6, uchambue, 2 zatosha kwa macho na masharubu, mikono ya pweza tia zote 6 ijae. Kitambaa nenda madukani Mchangani, hapo mjini Unguja, omba vipande.