Mwandishi wa Kiswahili anapohamia Marekani: namna ya kujenga kazi katika habari, mawasiliano na ualimu

Mwandishi aliyezoea vyumba vya habari vya Dar es Salaam, Nairobi au Bukavu anapohamia Marekani, ushauri wa kwanza anaoupata kwa wenyeji wake ni kwamba aweke kalamu kando, "abebe boksi", yaani afanye kazi za vibarua kama walivyofanya wao, na mengine yatajipa yenyewe. Kodi ya nyumba haisubiri, kwa hiyo ushauri huo si wa kubezwa. Hata hivyo, kadiri miaka ya kimya inavyoongezeka ndivyo inavyokuwa vigumu kumshawishi mwajiri kwamba bado wewe ni mwandishi. Ninachopendekeza ni kuunganisha vipato vitatu, yaani mawasiliano, habari na ualimu, na kuvianza kwa mpangilio huo, kwa kuwa mlango wa mawasiliano ndio unaofunguka upesi.

Kazi huanza kabla ya safari. Kiombe chuo ulichosoma kitume hati yako ya matokeo moja kwa moja kwa taasisi inayotathmini vyeti vya nje, kama vile World Education Services, kwani kwa kawaida nakala uliyoibeba mwenyewe haikubaliwi. Kulifuatilia jambo hili ukiwa ng'ambo, kwa kumtuma ndugu akapange foleni dirishani, kunachosha kupita kiasi. Hifadhi pia kazi zako, maana gazeti likibadili tovuti makala za zamani hupotea, na kipindi cha redio kikisharushwa huenda usikipate tena. Piga picha kurasa zenye jina lako na tarehe, kisha chagua habari chache zilizoleta matokeo na uzitafsiri kwa Kiingereza. Juu ya kila moja andika sentensi mbili: uliipataje, na nini kilibadilika baada ya kuchapishwa. Mhariri wa Marekani hajui uzito wa gazeti lako, lakini ataelewa kwamba kisima chenye sumu kilifungwa baada ya habari yako kutoka.

Jambo la pili ni kibali cha kazi, na hapa pasiwe na kubahatisha. Mkimbizi aliyepokewa rasmi anaruhusiwa kufanya kazi tangu anapoingia nchini. Mwenye viza ya mwanafunzi ya F-1 haruhusiwi kuuza makala bila idhini. Akihitimu anaweza kuomba miezi 12 ya kufanya kazi inayohusiana na masomo yake, na katika muda huo siku za kukaa bila kazi zisizidi 90. Wapo wanaodhani kwamba makala moja ya dola chache si ajira. Wewe usidhani; iulize kwanza ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni kwako.

Sasa tuje kwenye mawasiliano. Miji kama Louisville na Lexington katika jimbo la Kentucky, na Des Moines katika Iowa, ina wakimbizi wengi wa Kongo wanaozungumza Kiswahili, na shule, kliniki na mashirika ya kuwapokea wakimbizi yanahitaji kuwafikia. Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 inakataza taasisi zinazopokea fedha za serikali kuu kumbagua mtu kwa asili yake, na kwa msingi huo shule na hospitali nyingi hugharamia tafsiri. Usiende kwao na barua ya maombi peke yake; nenda na sampuli. Chukua tangazo la shule lililotolewa kwa umma na uliandike upya kwa Kiswahili kwa kuanza na anachohitaji mzazi: siku gani, saa ngapi, alete nini, ampigie nani. Kwenye saa ndipo wengi huharibu. Shule ikisema 8:00 a.m. na wewe ukaandika "saa 8", mzazi aliyekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, anaweza kufika mchana, mlango umeshafungwa. Andika "saa 2 asubuhi" na kando yake uweke tarakimu za saa ya Kimarekani kama zilivyo. Kisha msomee kwa sauti mama wa kutoka Uvira au Fizi, mashariki mwa Kongo, uone anakwama wapi, kwa sababu Kiswahili sanifu cha taarifa ya habari si lazima kiwe ndicho anachokizungumza nyumbani. Sampuli iliyopita mtihani huo inamshawishi ofisa kuliko shahada. Wasifu wako nao uwe wa ukurasa mmoja, usio na picha, umri, dini wala hali ya ndoa.

Kwa upande wa habari, usining'inize maisha yako kwenye idhaa moja kubwa. Sauti ya Amerika ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1962, na kwa miaka mingi wanahabari wetu waliiona kama kituo cha mwisho cha safari. Machi 2025 watumishi wake karibu wote walipewa likizo ya lazima kufuatia agizo la rais, wakiwemo wengine ambao viza zao zilifungamana na ajira hiyo. Vyombo vidogo vinavyoandika habari za wahamiaji vinastahili kutazamwa kwanza. Sahan Journal ya Minnesota, kwa mfano, ilianzishwa mwaka 2019 na Mukhtar Ibrahim, mwanahabari mwenye asili ya Somalia aliyekuwa amefanya kazi katika redio ya umma na gazeti la Star Tribune.

Mhariri wa huko huuziwa wazo kabla ya makala kuandikwa. Ukimwandikia kwamba ungependa kuandika "kuhusu changamoto za wahamiaji", hatajibu. Mwandikie hivi: "Wapangaji wa Kikongo katika jengo moja la hapa wamepewa notisi za kuhama zilizoandikwa kwa Kiingereza tu. Nimeziona notisi hizo, nimezungumza na familia tatu, na mwenye nyumba nimemwomba majibu. Naweza kuwasilisha maneno 900 Ijumaa." Hilo ni wazo linalonunulika. Ile "bahasha" ya nauli baada ya mkutano na waandishi, ambayo kwetu imezoeleka mno, huko inaweza kukufukuzisha siku hiyo hiyo. Vilevile usiandike habari za shirika linalokulipa kwa tafsiri. Mjulishe mhariri mapema, ampe mwingine. Malipo ya mwandishi wa kujitegemea hayakatwi kodi na mlipaji, kwa hiyo weka akiba yake: kodi ya kujiajiri peke yake ni asilimia 15.3, mbali na kodi ya mapato, na hulipwa kwa awamu nne kwa mwaka.

Ualimu huja polepole zaidi. Aliye bado nyumbani anaweza kuomba nafasi ya msaidizi wa kufundisha lugha chini ya Fulbright, mpango wa serikali ya Marekani wa kubadilishana wasomi, akijua kwamba viza yake humtaka kurudi nyumbani kwa miaka miwili kabla ya kuomba ukaazi wa kudumu. Aliyekwisha kuhamia ajue kwamba vyuo vikuu kwa kawaida hudai shahada ya uzamili, na shule za umma hudai leseni ya jimbo. Usaili huambatana na somo la majaribio, na hapo ndipo wazawa wa lugha huumbuka: mwanafunzi anauliza kwa nini ni "kitabu kikubwa" lakini "kiboko mkubwa", na mwalimu anajibu kwamba ndivyo tunavyosema. Jifunze ngeli upya, kama mgeni, na uweze kueleza kwa dakika mbili kwamba viumbe hai hufuata upatanisho wao hata jina likianza na ki-. Mikutano ya CHAUKIDU, chama cha ukuzaji wa Kiswahili duniani, hukukutanisha na walimu wanaojua nafasi ziko wapi. Ajira ya mwanzo huwa ya somo moja kwa muhula, na darasa lenye wanafunzi wachache linaweza kufutwa wiki ya kwanza. Kabla ya kutia saini, uliza ni wanafunzi wangapi wanaohitajika ili somo liendelee, na kama utalipwa chochote kwa maandalizi likifutwa.