Kubadilisha kapasita zilizochoka kwenye amplifaya inayovuma

Amplifaya inayovuma hata sauti ikiwa imeshushwa hadi sifuri mara nyingi huwa na kasoro kwenye pawa saplai, yaani sehemu inayolisha kifaa umeme, na za kushukiwa kwanza ni kapasita kubwa za kuchuja (mikebe midogo inayohifadhi umeme na kuusawazisha) zilizo karibu na transfoma. Umeme wa Tanzania na Kenya ni wa hezi 50, nao ukishapita kwenye dayodi nne (vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu) hutoa mawimbi 100 kwa sekunde, ambayo kapasita iliyokauka ndani haiwezi tena kuyasawazisha. Mvumo ukiwa mzito zaidi, wa hezi 50, pima dayodi kwanza.

Hatua ya 1. Usiyeyushe risasi, yaani madini yanayoshikilia kapasita kwenye bodi, kabla ya kupima. Kifaa kikiwa kimewashwa bila muziki, weka mita ya umeme kwenye volti za AC (umeme unaogeukageuka) na uguse miguu ya kila kapasita. Kapasita nzima huonyesha sehemu ndogo tu ya volti; ikifika volti 1 au zaidi, imechoka, hata kama kichwa chake hakijavimba. Mita za bei nafuu huchanganya DC (umeme usiogeuka) na AC, kwa hiyo unga kapasita ndogo ya maikrofaradi 0.1, volti 100, mfululizo na waya mwekundu wa mita.

Hatua ya 2. Zima, chomoa plagi, kisha ondoa chaji kwa rezista ya omu 1,000, wati 5, ukiishikilia kwenye miguu miwili ya kila kapasita kwa koleo lenye mpini wa plastiki kwa nusu dakika. Hakikisha kwa mita kwamba zimebaki chini ya volti 1. Nakusihi usitumie bisibisi, kwa sababu cheche yake huunguza njia za shaba na inaweza kukurukia machoni.

Hatua ya 3. Piga picha ya bodi na uandike upande wa hasi, yaani ule wenye mstari kwenye kapasita yenyewe. Usitegemee mchoro wa bodi peke yake, maana bodi nyingine hupakwa rangi upande wa hasi na nyingine upande wa chanya.

Hatua ya 4. Nunua kapasita yenye maikrofaradi (kipimo cha ukubwa wake) zilezile na volti zisizopungua za awali. Chagua inayostahimili joto la nyuzi 105 badala ya 85, kwani kila joto linaposhuka nyuzi 10 maisha ya kapasita huongezeka karibu mara mbili. Zipime kabla ya kuzifunga, kwa kuwa bandia zipo.

Hatua ya 5. Ongeza risasi mpya juu ya ile ya zamani ili iyeyuke upesi, ifyonze kwa pampu, kisha toa kapasita bila kuivuta kwa nguvu. Safisha majimaji yaliyovuja kwa spiriti na mswaki, kwani hula shaba. Badilisha kapasita zote kubwa za kuchuja pamoja.

Hatua ya 6. Washa kupitia balbu ya zamani yenye waya unaowaka ndani, ya wati 60, iliyoungwa mfululizo na waya wa moto. Ikiwaka sana kisha ikafifia, ni salama. Ikibaki kuwaka sana, zima mara moja na uangalie hasi na chanya. Ondoa balbu, kisha rudia kipimo cha AC. Kipimo kikiwa kimeshuka lakini mvumo umebaki, kagua viungo vya waya wa ethi.