Kupima vipokezi vya aleji kwa panya: somo la Elisa

Elisa ni kipimo cha maabara: antibodi, yaani protini za kinga, hukishika kinachotafutwa, na rangi huonyesha kiasi chake. Tuanze na neno panya, maana ndilo linalopoteza watu. Kiswahili chetu kinamwita panya yule mdogo wa maabara na yule mkubwa pia. Boksi la kipimo halifanyi hivyo: la Rattus norvegicus ni la mkubwa, la Mus musculus ni la mdogo, na antibodi za mmoja mara nyingi hazimshiki mwenziwe. Soma jina la Kilatini kabla hujaagiza.

Kisha jua unatafuta kipokezi kipi, yaani protini ipi ya seli inayoishika IgE, antibodi ya aleji. FcεRI kimekaa juu ya seli za kinga ziitwazo masti na basofili, kimeishika IgE kwa nguvu. Antijeni (kile kinacholeta aleji) ikija ikaziunganisha hizo IgE, seli humwaga histamini, kemikali ya mwasho na uvimbe. CD23 huishika IgE kwa ulegevu, na hukatika kwenye seli kikaelea katika damu.

Hatua ya 1. Iache damu igande, izungushe kwenye sentrifuji kwa 1,000 g dakika 15, uchukue seramu, yale maji ya juu. Ikiwa nyekundu, itupe: himoglobini huibabaisha rangi ya kipimo. Igawe mafungu madogo uigandishe, usiyeyushe na kugandisha tena.

Hatua ya 2. Boksi linakaa frijini, nyuzi 2 hadi 8. Litoe, liache mezani dakika 30. Pakiti ya sahani, ile yenye vishimo vya kupimia, usiifungue ingali baridi! Wakati wa masika hewa ya Pemba imejaa maji, na ukifungua tu unyevu unatua ndani ya vishimo. Sahani yangu ya kwanza, vishimo 96, niliiharibu hivyo hapa Chake Chake, na hadi leo inaniuma.

Hatua ya 3. Weka viwango (vimiminika vya boksi ambavyo kiasi cha kipokezi ndani yake kinajulikana) na sampuli, kila kimoja vishimo viwili. Muda wa kusubiri ufuate karatasi ya boksi lako.

Hatua ya 4. Osha, weka antibodi yenye biotini, osha, weka streptavidini (huishika biotini) iliyobeba peroksidasi, kimeng'enya kitakacholeta rangi, osha tena. Kuosha ndiko kunakoamua. Jaza kishimo, mimina, gonga sahani juu ya karatasi ya kunyonya mpaka lisibaki tone. Bufa, yaani maji ya kuoshea, ichanganywe na maji yaliyokenekwa, si ya kisima. Na isiwe na azidi ya sodiamu, inaizima peroksidasi.

Hatua ya 5. Weka TMB, kimiminika cha rangi, sahani ikae gizani, itageuka buluu. Tia asidi, iwe njano, soma papo hapo kwa mashine ya kusomea sahani, kwenye mwanga wa nanomita 450.

MASWALI

Maalim, nimepima FcεRI kwenye seramu, karibu vishimo vyote havina rangi. Nimekosea wapi? (Wete)

Huenda hujakosea, dada'angu. Kipokezi hiki makao yake ni kwenye utando wa seli. Saga tishu, mapafu kwa mfano, katika bufa ya kuvunjia seli, kisha gawa jibu lako kwa protini yote ya sampuli. Lakini hakikisha kwanza karatasi ya boksi inaikubali bufa hiyo.

Vishimo vya pembeni vinatoka na rangi kali kuliko vya kati. (Unguja)

Vya pembeni hupata joto mapema na kukauka upesi. Funika sahani kwa kibandiko chake, usiipange juu ya nyingine, iweke mbali na feni.

Umeme ukikatika usiku kucha, boksi bado linafaa? (Mkoani)

Usilifungue friji, na weka ndani kipimajoto kinachokumbuka kiwango cha juu. Asubuhi soma. Kama limepata joto, endesha viwango peke yake kwanza: mstari wa grafu yake ukilala kuliko ule wa zamani, usiiweke hata sampuli moja humo. Panya alishatoa damu yake, hatutamtoboa mara ya pili kwa uzembe wetu.