SOMO: Kutoka mbuzi wa kienyeji hadi mbuzi wa maziwa (someni Hatua ya 5 kabla hamjatoa hela)

Wakuu, habari za majukumu.

Kila wiki napata ujumbe ule ule: "Nina mbuzi wa kienyeji, nichukue beberu gani nipate maziwa?" Nimeshajibu kwa simu, kwa meseji na hata msibani. Leo naandika mara moja. Atakayeniuliza tena nitamtumia hapa. Nafugia Arumeru, mwaka wa kumi na moja sasa, mbuzi ishirini na kidogo.

Hatua ya 1: Jua mbuzi wako alikotoka

Wengi wanairuka hii wakidhani ni hadithi, halafu ndiyo inayowatia hasara. Mbuzi wote wa kufugwa, wa kwako na wa Mswisi, ni ukoo mmoja. Babu yao ni mbuzi mwitu wa milimani aitwaye bezoa, na watu walianza kumfuga miaka kama 10,000 iliyopita kwenye milima ya Zagros, magharibi mwa Iran. Pale Ganj Dareh wachimbuaji wa mambo ya kale walikuta mifupa ya madume mengi ikiwa ya wanyama wachanga, na ya majike ikiwa ya waliokomaa. Mwindaji hachagui hivyo, mwindaji hufuata dume kubwa lenye nyama. Anayechinja madume mapema na kubakiza majike wazae ni mfugaji. Siku nilipolisoma hilo nilimkumbuka marehemu baba. Kila sikukuu ilikuwa hivyo hivyo: dume linakwenda, jike anabaki.

Huku Afrika hatukuwa na mbuzi mwitu wa ukoo huo. Wetu waliletwa kupitia Sinai na Bahari ya Shamu, wakashuka na wafugaji taratibu kwa maelfu ya miaka. Njiani kulikuwa na jua, minyoo, ndorobo na ukame, na aliyepona ndiye aliyezaa. Huyo mbuzi wako wa kilo ishirini na tano unayemdharau ni uzao wa walionusurika. Maziwa yake yanamtosha mtoto wake na kikombe chako cha chai, basi. Lakini ana kitu ambacho hakiuzwi dukani, nacho ni kustahimili. Kazi yetu ni kuongeza maziwa bila kukitupa hicho.

Hatua ya 2: Chagua mbegu kwa kuangalia ulipo

Saanen: mweupe, mkubwa, katokea bonde la Saanen, Uswisi. Kwa wingi wa maziwa ndiye kinara. Ngozi yake ni ya waridi, jua kali linaiunguza. Kama uko joto na huna kivuli cha kudumu, achana naye.

Toggenburg: naye ni wa Uswisi, bonde la Toggenburg. Rangi ya kahawia, michirizi miwili myeupe usoni, miguu myeupe kuanzia magotini. Huku kwetu penye baridi anakaa vizuri, na ndiye niliyeanza naye.

Mnorwe: aliletwa miaka ya 1980 kupitia Chuo Kikuu cha Sokoine, akasambaa Mgeta kwenye milima ya Uluguru. Uliza wazee wa Mgeta, watakueleza kuliko mimi.

Anglo-Nubian: masikio marefu yanayoning'inia, pua imepinda kama ya kondoo dume. Alitengenezwa Uingereza kwa kuchanganya mbuzi wa kwao na wale wa India, Misri na Mashariki ya Kati. Lita zake ni chache kuliko za Saanen lakini maziwa ni mazito, na joto analivumilia. Wa Pwani, Morogoro mjini na Dodoma, anzeni kumfikiria huyu.

Boer wa Afrika Kusini ni wa nyama. Malya wetu, yule aliyetokana na Kamorai, Boer na mbuzi wa kienyeji, alilengwa zaidi nyama. Galla, mweupe mwenye ngozi nyeusi kutoka kaskazini mwa Kenya, ni hodari wa ukame. Wote ni mbuzi wazuri, ila somo hili si lao.

Hatua ya 3: Majike

Chukua waliokwisha kuzaa angalau mara moja. Kitoto cha beberu mkubwa kinaweza kumkwama jike mdogo anayezaa mara ya kwanza.

Hatua ya 4: Kagua beberu

Korodani mbili zilizolingana, miguu imara, meno yanakutana vizuri. Omba kuonyeshwa mama yake akikamuliwa. Akikataa, ondoka.

Hatua ya 5: PEMBE

Hapa ndipo nilipoanguka, kwa hiyo vumilieni.

Nilipoanza niliaminishwa na muuzaji kwamba mbuzi wa kisasa "halisi" hana pembe. Nikanunua beberu asiye na pembe na majike wanne, nao hawana pembe. Nilijiona nimepata mbegu safi. Wakazaa vizuri. Kati ya vitoto, viwili vilionekana majike, nikavitunza kwa mapenzi yote maana ndiyo maziwa ya kesho. Miezi sita, kimya. Miezi minane, hakuna joto, yaani hawataki dume. Mwaka ukaisha, wakawa wanapanda wenzao na kunuka kibeberu. Siku moja nilimshika mmoja nikamwinua mkia taratibu: chini ya uke kulikuwa na kinyama kimechomoza, kama punje ya harage. Bwana mifugo alipokuja alitazama mara moja tu akasema, "Huyu ni huntha, si jike wala si dume. Na yule pale naye." Wote wawili waliishia buchani. Majani, dawa na mwaka mzima wa kusubiri vikaenda nao.

Sababu yake ni hii. Kwa mbuzi, vinasaba vinavyoondoa pembe vinagusa pia utengenezaji wa uke na ovari. Mwaka 2001 watafiti wa Ufaransa walionyesha kuwa ni kipande kimoja tu cha vinasaba kilichokatika. Kitoto kikirithi mkato huo kwa mzazi mmoja, hakina pembe na uzazi wake ni mzima. Jike akiurithi kwa wazazi wote wawili, anageuka huntha, hazai maisha. Hakuna dawa wala sindano. Madume waliourithi pande zote mbili, baadhi yao mirija ya mbegu huziba.

Kwa hiyo kanuni ni moja: kati ya beberu na jike, mmoja lazima awe mwenye pembe kwa asili. Beberu mwenye pembe unaweza kumpandisha kwa jike yeyote.

ONYO la kwanza: aliyechomwa pembe utotoni si sawa na asiye na pembe kwa asili. Aliyechomwa anahesabika mwenye pembe. Usitazame kwa macho, papasa. Aliyechomwa ana kovu gumu lisilo na nywele, wakati mwingine na kibaki cha pembe kilichopinda.

ONYO la pili: kwa kitoto cha siku chache, weka kidole utosini. Mwenye pembe nywele zake zimejizungusha mahali pawili, na ngozi pale imeshikana na fuvu, haisogei. Asiye na pembe ngozi inateleza chini ya kidole.

ONYO la tatu: muuzaji akikwambia "hilo ni la ng'ombe pia", si kweli. Ng'ombe asiye na pembe hana tatizo hili.

Hatua ya 6: Kupandisha

Jike mwenye joto anatikisa mkia, analia, anakojoa mara kwa mara. Una siku moja hadi mbili. Ukikosa, subiri siku 21. Akishika, hesabu siku 150. Andika tarehe kwenye daftari, usitegemee kichwa.

Hatua ya 7: Kupandisha daraja

Kienyeji kwa beberu safi (wa mbegu ya maziwa isiyochanganywa), watoto ni nusu kwa nusu. Binti hao kwa beberu mwingine safi, robo tatu. Wakiendelea, asilimia 87.5. Mimi husimama robo tatu, maana kuanzia pale naona ule ustahimilivu wa Hatua ya 1 unayeyuka na bili ya dawa inapanda. Beberu asiwapande binti zake. Mbadilishe na mwenzako wa kata jirani kabla hawajakomaa. Watoto wa kiume watenge wakifika miezi mitatu, hawachelewi hao.

MASWALI

Kijana_wa_Shamba: Mkuu somo zuri. Sasa beberu gani mzuri kwa mimi niliyepo Kibaha?

Mwandishi: Hatua ya 2, aya ya Anglo-Nubian.

Kijana_wa_Shamba: Saanen hawezi kabisa? Nimeona picha wanapendeza.

Mwandishi: Nimeandika ngozi inaungua. Kapige picha nao, ufuge Anglo-Nubian.

Mzee Kifimbo: Mimi nina miaka thelathini kwenye mifugo. Hayo ya pembe ni maneno ya vitabuni. Nimeshaona wasio na pembe wakizaa wenyewe kwa wenyewe na hakuna kilichotokea.

Mwandishi: Shikamoo mzee. Sikuandika kwamba kila kitoto kitakuwa huntha. Wazazi wote wawili wakiwa na mkato mmoja mmoja, ni jike mmoja kati ya wanne. Vikizaliwa vitoto vitatu, viwili madume, unaweza usione chochote miaka miwili. Beberu akiwa ameurithi pande zote mbili, inakuwa nusu ya majike. Mimi sikuyatoa vitabuni kwanza, niliyatoa bandani kwangu, vitabu vilifuata. Kwa heshima zote, naomba ukumbuke waliowahi kushindwa kushika mimba bandani kwako ukadhani ni tasa tu.

Mzee Kifimbo: Marahaba. Wapo. Nitawatazama.

mama_wawili: Samahani kaka, mimi sina mbuzi bado, ila nimevutiwa na Hatua ya 1. Kama wote ni ukoo mmoja, mbona wa Uswisi anatoa maziwa hivyo na wetu hapana? Chakula tu?

Mwandishi: Dada, asante kwa swali hili. Chakula ni sehemu, si yote. Mchukue wa kienyeji umpe majani bora ya dunia, ataongeza kidogo, kisha ziada ataiweka mwilini kama mafuta. Mwili wake umejifunza kuweka akiba kwa ajili ya kiangazi. Kule mabondeni Uswisi mfugaji alikata majani kiangazi, akayakausha, akalisha mbuzi ndani wakati wa theluji. Njaa haikuwa mchaguzi mkuu. Mchaguzi alikuwa mama mwenye ndoo, akimbakiza binti wa mbuzi anayejaza ndoo. Vizazi kwa vizazi, tofauti ndiyo hiyo. Kwetu mchaguzi alikuwa ukame. Kila mmoja alipata mbuzi aliyemchagua. Ndiyo maana nusu kwa nusu wa uzao wa kwanza mara nyingi hutushangaza kwa afya, anachukua nguvu pande zote mbili. Ukiwa tayari kuanza, anza na wawili, si kumi.

mama_wawili: Nimeelewa vizuri sana. Na ile harufu ya maziwa? Watoto wangu waliyakataa kwa jirani.

Mwandishi: Mara nyingi ni beberu kulala na majike. Mtenge, mbali na upande upepo unakotokea. Osha kiwele, kausha, chuja, poza haraka kwenye ndoo ya maji baridi. Na chemsha, tafadhali. Homa ya Malta, yaani brusela, ilipata jina lake kisiwani kule, na mwaka 1905 daktari Themistocles Zammit aligundua inatoka kwenye maziwa ya mbuzi walioonekana wazima kabisa. Mbuzi kuonekana mzima si kibali cha kunywa mabichi.

Boda_Mfugaji: Mbuzi anatoa lita ngapi na mtaji ni shilingi ngapi? Jibu fupi.

Mwandishi: Anatoa kulingana na unavyomlisha. Mtaji, nenda mnadani kwenu.

Neema_Babati: Nje ya mada kidogo. Nilinunua chotara, jirani anasema ni kondoo. Ana manyoya mafupi, hana sufu.

Mwandishi: Tazama mkia. Mbuzi anausimamisha, kondoo unaning'inia. Kondoo wengi wa kwetu hawana sufu. Kama kichwa ni cheusi na mwili mweupe, ulizia Dorper au yule wa asili ya Somalia aliyemzaa Dorper.

Neema_Babati: Unaning'inia 😔

Mwandishi: Pole dada. Dorper ni nyama nzuri na anakua haraka, hujapoteza. Ila aliyekuuzia usirudi kwake.

Tumaini_K: Mkuu, nimesoma Hatua ya 5 nikatoka na tochi sasa hivi. Beberu: ngozi inateleza, hakuna kovu. Majike watano: wawili wana makovu, watatu wanateleza. Mmoja wa hao watatu ana joto leo, anatikisa mkia tangu asubuhi.

Mwandishi: Mtenge beberu usiku huu huu. Wale wawili wenye makovu anaweza kuwapanda, watatu asiwaguse. Uko wapi?

Tumaini_K: Usa River.

Mwandishi: Ni karibu. Nina Toggenburg mwenye pembe, mama yake unaweza kumwona akikamuliwa. Mlete huyo mwenye joto kesho asubuhi kabla jua halijawa kali. Njoo na kamba na daftari.