Kupanga Miaka ya Sekondari kwa Kuanzia Mwisho: Mwongozo kwa Wanafunzi wa Dodoma

Wanafunzi wengi huanza kufikiria chuo kwa uzito pale matokeo ya kidato cha sita yanapotangazwa, ilhali mambo mengi yanayoamua watasomea nini yalikwisha kufungwa miaka mitatu au minne nyuma. Kwa sababu hiyo, ninapendekeza mpango wa kurudi kinyumenyume: anza na kozi unayoitamani, soma masharti yake, kisha shuka darasa kwa darasa hadi ulipo sasa.

Masharti hayo hayapaswi kutafutwa vijiweni. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) hutoa kila mwaka mwongozo wa udahili kwenye tovuti yake, na humo kila chuo kimeorodheshwa pamoja na programu zake na masomo yanayotakiwa. NACTVET, baraza linalosimamia elimu na mafunzo ya ufundi, nayo hutoa mwongozo wa vyuo vya astashahada na stashahada. Pakua miongozo hiyo kwenye simu ya mzazi au mlezi, fungua sehemu ya Chuo Kikuu cha Dodoma, chagua programu tatu zinazokuvutia na uandike kwenye daftari masomo ambayo kila moja inayadai. Utaona kwamba udaktari unataka Fizikia, Kemia na Baiolojia kwa pamoja, na kwamba uhandisi kwa kawaida hujengwa juu ya Hisabati ya Juu na Fizikia. Utaona pia kwamba kiwango cha jumla cha kuingia shahada ya kwanza ni ufaulu wa masomo mawili ya kidato cha sita wenye pointi zisizopungua 4, ambapo A ni pointi 5 na E ni pointi 1. Kwa hesabu hiyo D mbili zinatosha kukupa sifa ya kuomba, lakini kuwa na sifa si kupata nafasi, kwa maana kozi zinazopendwa hujazwa na wenye alama za juu zaidi.

Ukishuka kutoka hapo utafika kidato cha tatu, na hapa ningependa kila mzazi asimame kidogo. Uamuzi wa kuacha Fizikia na Kemia ndio mzito kuliko yote ya sekondari, nao mara nyingi hufanywa mwanzoni mwa muhula bila nyumbani kuarifiwa, ama kwa sababu rafiki ameacha, ama kwa sababu mwalimu wa somo hayupo. Anayeyaacha hajafunga udaktari na uhandisi peke yake. Amefunga pia ufamasia, maabara na sehemu kubwa ya kazi za ufundi wa kisasa. Kama hupendi masomo hayo na umekwisha kusoma masharti ya kozi unayoitaka, yaache kwa amani. Kama unayaacha kwa kukosa mwalimu tu, jaribu kwanza kuunda kundi la watu wanne au watano, mtafute mitihani ya miaka iliyopita ya Baraza la Mitihani (NECTA), na muwatumie vizuri wanachuo wa ualimu wanaokuja shuleni kwa mazoezi ya kufundisha, ambao wengi wao hufurahi kuulizwa maswali.

Tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo ya kidato cha tano na sita, au kombi kama inavyoitwa mabwenini, ifuate daftari lako la programu tatu na si sifa ya mtaani. Dhana kwamba PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) ni ya wenye akili na HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) ni ya waliobaki imewaharibia wengi, kwa kuwa mwanafunzi mwenye kipaji cha historia na lugha anayelazimishwa kwenda sayansi huishia na alama ambazo hazimfikishi kwenye udaktari wala kwenye sheria. Baada ya matokeo ya kidato cha nne TAMISEMI, ofisi inayosimamia tawala za mikoa na shule za serikali, hufungua nafasi ya kubadili machaguo kwenye mfumo wake, kwa hiyo linganisha upya alama ulizopata na masharti uliyoyaandika.

Kiingereza hakikwepeki, kwa sababu mitihani karibu yote ya sekondari hufanywa kwa lugha hiyo. Soma aya moja ya kitabu cha Baiolojia, funika kitabu, iandike upya kwa sentensi zako mwenyewe, halafu mpe mwalimu asahihishe. Fanya hivyo kila juma.

Dodoma ina jambo ambalo mikoa mingi haina: kazi za aina nyingi sana zimekusanyika mahali pamoja. Kuna wizara katika mji wa Serikali wa Mtumba, kuna Bunge, kuna Hospitali ya Benjamin Mkapa, na Makutupora kuna kituo cha utafiti wa kilimo kinachoshughulikia zabibu. Wakati wa likizo omba barua kwa mkuu wa shule, nendeni wawili, na mkipokelewa msiulize mshahara kwanza. Muulizeni mhusika amefanya nini tangu alipofika kazini asubuhi, na alisoma masomo gani kidato cha tano. Jibu la swali la kwanza huondoa ndoto nyingi za runinga, kwani mwanasheria atakwambia amesoma majalada tangu saa mbili.

Anayekosa nafasi ya kidato cha tano, au asiyeitaka, hajapotea njia. Kozi nyingi za afya na ufundi zilizo chini ya NACTVET hupokea wenye ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, ingawa kila kozi hutaja masomo yake. Stashahada huchukua kwa kawaida miaka mitatu kutoka kidato cha nne, mmoja zaidi ya kidato cha tano na sita, na ukiimaliza kwa wastani (GPA) wa 3.0 au zaidi unaweza kuomba shahada ukiwa tayari na ujuzi wa kukuingizia kipato.

Limebaki suala la majina. Mtoto huweza kuwa Yohana kwenye cheti cha kuzaliwa, John kwenye rejista ya shule ya msingi na Johana kwenye usajili wa mtihani, huku jina la ukoo likiwa la baba kwenye hati moja na la babu kwenye hati nyingine. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hutaka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, na cheti cha kifo kwa mzazi aliyefariki. Hakiki majina yako kabla usajili wa mtihani wa kidato cha nne haujafungwa, herufi kwa herufi, ukiwa na cheti mkononi, kwa sababu baada ya hapo marekebisho huhitaji viapo na safari za ofisini. Dirisha la mikopo mara nyingi hufunguliwa wakati wahitimu wa kidato cha sita wako kwenye makambi ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), ambako kupata simu ni vigumu, hivyo mwachie mzazi nakala za vyeti vyote, namba yako ya mtihani na picha ndogo kabla hujaondoka.