Kuchagua injini ya tu-stroki kwa ndege nyepesi: angalia krankishafti kabla ya saa ilizoruka

Kijana mmoja alinipigia simu usiku. Amepata injini ya Rotax 503 iliyotumika, muuzaji anasema imeruka saa 38 tu, na kesho asubuhi anatuma pesa. Nikamwambia asitume hata shilingi mpaka tuifungue pamoja. Nimeandika hapa tulivyoendelea, maana maswali aliyoniuliza huulizwa na kila anayeanza.

Hatua ya 1: Anza na uwanja wako

Ndege ya mtu mmoja yenye mabawa mapana hutosheka na nguvu ya farasi 40 ya Rotax 447. Ya watu wawili inataka 503 yenye kabureta mbili, farasi 50, au 582, farasi 65. Hizo ni nguvu za usawa wa bahari. Kila mita 300 unazopanda, injini ya aina hii hupoteza takriban 3%. Huku kwetu Kajiado, mita 1,700 hivi, 503 inakupa kama farasi 41, na mchana wa jua kali inapungua zaidi. Piga hesabu hiyo kabla ya kuzungumza bei.

Hatua ya 2: Hewa au maji

Mimi huchukua inayopozwa kwa hewa, yaani 503, kila inapotosha. Haina rejeta, haina pampu ya maji, haina mpira wa kupasuka. 582 ni injini nzuri, lakini ukishuka muda mrefu umepunguza mafuta, maji kwenye rejeta hupoa. Ukivuta mafuta ghafla, pistoni hutanuka kabla silinda haijatanuka, ikashika hapo hapo, yaani ikakwama ndani ya silinda. Ukiichagua, hakikisha themostati, kifaa kinachodhibiti joto la maji, ipo na inafanya kazi.

Kati ya 503 na 582, utakayochukua iwe na mifumo miwili ya kuwasha, plagi mbili kwa kila silinda. 503 za zamani zenye platini, ile swichi ya kizamani ya kutoa cheche, ziache.

Hatua ya 3: Krankishafti

Huu ndio mhimili wa chini unaozungushwa na pistoni. Hapa usiharakishe. Mimi mwenyewe niliwahi kupoteza siku mbili nzima na injini moja kwa sababu niliamini saa zilizoandikwa kwenye daftari.

Injini ya gari ina oili chini, na ikilala mwaka mzima beringi zake bado zina mafuta. Tu-stroki haina. Beringi za krankishafti hupata oili ile tu inayokuja na petroli wakati injini inanguruma. Ikizimwa, petroli huruka na utando mwembamba unaobaki hukauka polepole. Unyevu huingia kupitia kabureta na ekzosi, nayo kutu huanza. Ndiyo maana injini ya saa 38 iliyolala miaka mitano karibu na bahari naihofia kuliko ya saa 200 inayoruka kila wiki. Swali la kwanza kwa muuzaji ni hili: mara ya mwisho iliwashwa lini, na kabla ya kuhifadhiwa ilipuliziwa oili ya kuzuia kutu?

Sasa toa ekzosi, umulike tochi kwenye tundu la silinda. Tazama ubavu wa pistoni: mikwaruzo ya kusimama maana yake iliwahi kushika. Bonyeza ringi kwa kijiti cha mti. Ikicheza, sawa. Ikikataa, imegandishwa na masizi.

Injini ya yule kijana ilipita hapo vizuri sana. Silinda zilikuwa zinang'aa, akaanza kutabasamu. Lakini silinda safi haikwambii lolote kuhusu beringi zilizo chini yake. Tukatoa kabureta, tukazungusha mpaka pistoni ikafika juu kabisa, tukachungulia ndani kupitia njia ya hewa. Kwenye mkono wa pistoni kulikuwa na madoa ya kahawia, madogo kama punje za mtama. Nikakwangua moja kwa ncha ya waya. Lilitoka, likaacha kishimo.

Kishimo kama hicho kikiwa kwenye njia ya beringi, hakuna oili ya kukirekebisha. Beringi itasaga, vumbi la chuma litapanda mpaka kwenye pistoni, na injini itanoki ukiwa hewani.

Kama huoni kutu, bado usifurahi. Toa plagi zote, toa na giaboksi, kwa sababu meno yake yanaficha unachotafuta. Zungusha kwa mkono polepole. Ukihisi kama kuna mchanga ndani, acha. Lakini jua kwamba muuzaji mjanja huimiminia oili asubuhi ya siku unayokuja, na kila kitu kinateleza. Kwa hiyo mimi hung'oa silinda. Shika mkono wa pistoni uuvute juu na chini: usicheze hata kidogo. Kucheza kwa upande ni kawaida. Angalia na sili za mpira kwenye ncha za krankishafti. Zikikakamaa huvuta hewa, na silinda ya upande huo hukosa mafuta na kuungua.

Ukirudisha silinda, weka gasketi mpya, funga kwanza ekzosi manifodi ili silinda zikae mstari mmoja, ndipo ukaze silinda hedi. Ukianza na hedi, manifodi itavuja.

Tena, krankishafti hii imeshindiliwa vipande kwa presi na inapimwa kwa sehemu za mia za milimita. Usikubali maneno ya "kuna fundi mtaani ataifungua." Rotax wanashauri ibadilishwe kila saa 300. Ukiwa na shaka, punguza bei ya krankishafti mpya kutoka kwenye bei ya injini, na muuzaji akikataa, ondoka.

Hatua ya 4: Giaboksi

Linganisha na pangaboi lako. Giaboksi ya aina ya B inabeba pangaboi jepesi. Zito la mapanga matatu linataka aina ya C.

Hatua ya 5: Geji na jeti

Usiruke bila geji ya joto la moshi kwa kila silinda. Kwenye 503 mwisho ni nyuzi 650. Joto la silinda hedi lisipite 250.

Kabureta hizi zinataka jeti, yaani kitundu kinachopima petroli, ndogo zaidi kadiri unavyokwenda juu. Ukishapanga kwa Kajiado, kisha ukaibeba ndege kwa trela hadi Mombasa, badilisha jeti kuu kabla ya kuwasha. Kule hewa ni nzito, mafuta hayatatosha, na pistoni itatoboka.

Hatua ya 6: Petroli

Oili ya tu-stroki moja kwa hamsini, yaani mililita 400 kwa lita 20. Nunua petroli kwenye kituo chenye magari mengi. Iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa hugonga ndani ya silinda, na huwezi kuisikia kwa kelele ya pangaboi. Mimi humwaga matone machache kwenye karatasi nyeupe: petroli hukauka yote, mafuta ya taa huacha doa.

Kijana hakununua ile ya saa 38. Alichukua ya saa 210 iliyokuwa inaruka mpaka mwezi uliopita, akaagiza krankishafti na sili mpya kwa pamoja. Zikifika, tutaifunga kwenye stendi kwanza na kuizoesha saa nzima chini, kwa hatua zilizo kwenye mwongozo wa Rotax, kabla haijagusa ndege.