Kigoda, tochi na buibui wa nyuma ya jiko

Ukitaka kumwona buibui mfuma tando, usianze kwa kukodoa macho kwenye majani. Tafuta jua. Hapa Muheza natoka kwenda kwenye michungwa mnamo saa moja kasorobo asubuhi, umande haujakauka. Naligeukia jua, nachuchumaa, naangalia uwazi ulio kati ya mti na mti. Tando ambazo jana nilizipasua kwa uso wangu zinang'aa zote.

Ule mkubwa wenye nyuzi za manjano ni wa buibui wa dhahabu. Jike, ukiacha miguu, ana urefu wa kama sentimita 3. Huyo kibuibui mwekundu unayemdharau pale juu huenda ndiye mumewe. Ukiona mwingine amepanga miguu miwili miwili kama herufi X, na katikati ya utando pana mshono mweupe wa kwenda mbele na nyuma, umempata Argiope. Wataalamu bado wanabishana mshono ule ni wa nini, basi nawe tazama utoe hoja yako.

Lakini utamu wenyewe ni jioni. Jua likizama chukua kigoda, na tochi uiweke chini, imulike utando kwa ubavu. Ukimmulika usoni atasimama. Macho yake ni hafifu, anakujua kwa mtikisiko, kwa hiyo usiguse tawi wala usimpumulie.

Wangu anaishi kati ya mpapai na ukingo wa bati, nyuma ya jiko. Kwanza anauachia upepo uzi mmoja. Ukinasa, anaukaza, anaufanya daraja. Anatengeneza kiunzi, kisha nyuzi za kutoka kitovuni kwenda pembeni, kama njiti za mwavuli. Halafu anazunguka kutoka katikati kwenda nje na uzi mkavu, mizunguko ikiachana sana. Hapo mke wangu husema, "Kamaliza, njoo ule." Hajamaliza! Ile ni mirunda ya fundi tu. Sasa anageuka, anaanza nje kuja ndani na uzi wenye gundi, mguu mmoja ukipapasa mzunguko uliotangulia, huku akiikata ile mirunda kadiri anavyosonga. Kazi yote huchukua kama saa moja, nami ugali wangu huwa umepoa.

Akitulia kitovuni, kichwa chini, gusa njiti moja polepole kwa ncha ya unyasi: haunati. Gusa mzunguko: unanata. Mguso mmoja unatosha.

Andika saa aliyoanza, kimo cha utando na upepo ulikotoka. Rudi alfajiri. Ukikuta umebaki uzi wa daraja peke yake, usiwagombeze watoto kama nilivyofanya mimi mara ya kwanza. Kaula utando wake mwenyewe, apate cha kufumia jioni.